Kompyuta ya Pauni 70: Clive Sinclair Aliondoa Nini, na Kazi Ikaenda kwa Nani?

Mwezi Machi 1981, mtu wa Uingereza mwenye pauni 69.95 angeweza kuagiza kwa posta kompyuta nzima iliyokwisha kuundwa. Anayejua kulehemu alitumiwa vipande vyake ndani ya boksi kwa pauni 49.95, akaviunganisha mwenyewe. Miaka minne tu nyuma, kompyuta ya Apple II ilipoingia sokoni Marekani, bei yake ilianzia dola 1,298.

Kompyuta hiyo ya bei nafuu iliitwa ZX81, na aliyeitoa ni Clive Sinclair wa Cambridge. Jibu la haraka kuhusu bei yake ni kwamba chipu zilikuwa zikishuka bei kila mwaka. Ni kweli, ila zilimshukia kila mtu. Acorn, kampuni ya mji huohuo, ilitoa kompyuta yake, BBC Micro, mwishoni mwa mwaka huohuo, na toleo lake dogo lilianza kuuzwa pauni 235. Mji mmoja, mwaka mmoja, bei mara tatu na zaidi. Kushuka kwa bei ya chipu hakutoshi kueleza pengo hilo.

Kinachoeleza ni namna Sinclair na wahandisi wake walivyozoea kukitazama kila kifaa ndani ya mashine na kuuliza: hiki kikitoka, kazi yake atafanya nani? Maana kazi haifutiki. Ukiondoa saketi inayochora picha kwenye skrini, bado lazima apatikane wa kuchora. Hivyo kazi ikawa inahamishwa: kutoka chipu moja kwenda nyingine, kutoka kwenye mashine kwenda kwenye televisheni ya sebuleni, na mara nyingi kutoka kiwandani kwenda kwa mnunuzi. Ukilishika hilo, vituko vya mashine hizi vinaanza kueleweka, hata vile vilivyowatia watu wazimu.

Tabia yenyewe ilianza kabla ya kompyuta. Miaka ya 1960 Sinclair alinunua transista zilizokataliwa kiwandani kwa kutofikia kiwango, akazipima upya, zilizofaa akaziuza. Mwaka 1972 alitoa kikokotoo chembamba cha mfukoni kilichoitwa Executive. Chipu yake ilikula umeme mwingi mno kwa betri ndogo alizotaka kutumia, kwa hiyo saketi iliizima na kuiwasha mara nyingi sana kila sekunde, ikitegemea kwamba chipu hubaki na tarakimu zake kwa kitambo kidogo hata umeme ukikatika. Mtumiaji hakuona chochote. Mtu mwenye fikra za namna hiyo alipogeukia kompyuta, mambo yasingeweza kuwa ya kawaida.

Ya kwanza ya aina hii ilikuwa ZX80, iliyotoka mwanzoni mwa 1980 kwa pauni 99.95, au 79.95 ukiiunda mwenyewe. Aliyesanifu saketi zake ni Jim Westwood. Alitumia chipu 21 ambazo duka lolote la vifaa vya elektroniki lingeweza kukuuzia, na kilicho cha ajabu zaidi ndani yake ni kile ambacho hakikuwemo.

Televisheni za Uingereza zilichora picha upya mara 50 kwa sekunde. Kompyuta nyingine zilikuwa na saketi maalumu ya kuilisha televisheni picha hiyo bila kupumzika, huku prosesa, yaani chipu kuu inayotekeleza amri, ikiendelea na hesabu zake. Westwood aliiacha nje. Prosesa yenyewe, Z80, ikapewa na kazi ya kulisha skrini. Ikawa kama mama lishe asiye na msaidizi: akitoka kupeleka sahani mezani, hakuna anayekoroga sufuria. Ndiyo maana ZX80 ilipopiga hesabu skrini ilipotea kabisa, na kila ulipobonyeza kitufe picha iliruka.

Namna prosesa ilivyofanywa kuchora inastahili kusimuliwa. Prosesa hujua jambo moja, kusoma amri kutoka kwenye kumbukumbu na kuitekeleza. Basi ilielekezwa kwenye sehemu ya kumbukumbu yenye maandishi ya skrini, ikaanza kuyasoma kana kwamba ni amri. Kila iliposoma herufi, saketi ndogo pembeni iliidaka herufi hiyo ili ichorwe, na papo hapo ikaipa prosesa amri bandia ya kutofanya lolote. Prosesa ikapita kwenye herufi ya pili, ya tatu, hadi mwisho wa mstari, bila kutambua kwamba inachora. Sijaona ulaghai wa kistaarabu kuliko huo katika elektroniki ya miaka ile.

ZX81 ilikuja na mambo mawili. Kwanza, chipu 21 zikawa 4. Kampuni ya Ferranti ilikuwa ikitengeneza chipu zenye mamia ya milango ya mantiki, yaani vijisaketi vya ndiyo na hapana, ambayo haijaunganishwa. Mteja alileta mchoro wa miunganisho tu, na Ferranti ikaimalizia chipu kwa tabaka la mwisho la nyaya. Hapakuwa na haja ya kulipia usanifu wa chipu mpya kuanzia sifuri. Chipu moja ya namna hiyo ikameza kazi ya chipu 18 za ZX80. Chipu chache maana yake bodi ndogo, kulehemu kuchache, umeme mdogo na muda mfupi zaidi kwenye meza ya fundi. Mashine ziliunganishwa Dundee, Scotland, katika kiwanda cha Timex, kampuni ya saa za mkononi.

Pili, tatizo la skrini kupotea lilipata nusu ya dawa. ZX81 ilikuwa na amri mbili, FAST na SLOW. Ukichagua SLOW, prosesa ilichora picha na kufanya hesabu katika muda uliobaki tu, yaani wakati televisheni inapitia sehemu tupu za juu na chini ya picha. Picha ilitulia, lakini programu ilikwenda kwa takriban robo ya kasi. Ukichagua FAST, hesabu zilikimbia na skrini ikapotea kama zamani. Kwa hiyo hata uamuzi wa kugawa muda wa prosesa, ambao leo simu yako huufanya kimyakimya, ulikabidhiwa mtumiaji auandike kwa vidole vyake.

Tuje kwenye kumbukumbu, kwa sababu hapa ndipo ubahili ulipofika mfupani. ZX81 ilikuwa na kilobaiti 1, yaani baiti 1,024, na baiti moja hubeba herufi moja. Kati ya hizo, 125 zilichukuliwa na mashine kwa mambo yake ya ndani. Skrini ilikuwa na mistari 24 ya herufi 32. Ukiijaza yote, pamoja na alama za mwisho wa kila mstari, inakula baiti 793. Ukitoa zote mbili unabaki na baiti 106. Programu gani itakaa humo? Wabunifu wakafanya skrini iwe ya kunyumbuka: mstari ambao haujaandikwa kitu ulichukua baiti moja tu ya alama yake. Ukiandika kidogo kwenye skrini, programu ilipata nafasi. Ukiijaza skrini, programu ilibanwa.

Watumiaji nao wakajifunza ubahili. Kila namba uliyoiandika ndani ya programu ilihifadhiwa mara mbili, kwanza kama maandishi kisha kama thamani iliyokwisha kutafsiriwa, na hiyo ya pili iliongeza baiti 6. Namba 0 peke yake ilikula baiti 7. Wajanja wakagundua kwamba NOT PI, maana yake ukanusho wa namba pai, hutoa jibu 0 kwa baiti 2 tu. SGN PI ilitoa 1. INT PI ilitoa 3. Ukisoma programu za wakati ule unakuta vichekesho hivyo kila mstari, na mtu asiyejua kisa chake atadhani mwandishi alikuwa na mapenzi ya pekee na duara. David Horne alifika mbali zaidi: aliandika mchezo wa sataranji wa kucheza dhidi ya mashine kwa baiti 672. Baadhi ya kanuni ziliachwa nje, kama ile ya kuhamisha mfalme na ngome kwa pamoja, lakini ulicheza.

Aliyechoka na maisha hayo alinunua nyongeza ya kilobaiti 16, iliyochomekwa nyuma ya mashine. Kiunganishi chake kilikuwa ukingo mtupu wa bodi. Ukibonyeza kitufe kwa nguvu kidogo nyongeza inatikisika, mguso unakatika, na kazi ya jioni nzima inayeyuka. Watu waliibandika kwa gundi laini ya kubandikia picha ukutani. Kiunganishi imara zaidi kingeongeza gharama kiwandani, na ghadhabu ya mteja haikuwemo kwenye hesabu za kiwanda.

Kibodi ilifuata mkondo huohuo. Haikuwa na vitufe vya kupanda na kushuka. Ilikuwa karatasi ya plastiki bapa yenye alama 40. Kuandika neno refu juu yake ni adhabu. Kwa hiyo maneno ya BASIC, lugha ya kuandikia programu, yalikuja yakiwa mazima: ukibonyeza P mwanzoni mwa amri, PRINT yote inatokea, na kwenye kumbukumbu inachukua baiti moja. Huo ni uamuzi mmoja ulioua ndege watatu. Vidole vilipumzika, kumbukumbu ikaokolewa, na mashine haikuhitaji programu ya kuchambua tahajia ya mtu. Lakini kazi ya kukumbuka neno gani liko kwenye kitufe kipi ilimwendea nani? Wewe.

Halafu kuna vitu ambavyo Sinclair hakuvitengeneza kabisa kwa sababu alijua viko nyumbani kwa mteja tayari. Skrini ilikuwa televisheni ya familia, na programu zilihifadhiwa kwenye kaseti, kwa kutumia redio kaseti ileile iliyopigia muziki. Bei ya pauni 69.95 ilikuwa ya kweli kwa nyumba ambayo tayari ilikuwa na vitu hivyo viwili. Hapa ndipo unapoona kwa nini mashine iliyouzwa kwa zaidi ya watu milioni moja isingeweza kuwa kompyuta ya wote kila mahali. Tanzania, kwa mfano, mwaka 1974 serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta na wa televisheni kwa agizo moja, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa ikirusha picha za rangi tangu 1973. Redio kaseti zilikuwepo, naam. Lakini kompyuta na skrini yake vilikuwa vimefungiwa mlango kwa ufunguo mmoja.

Hata mtaji ulihamishwa. Mteja alikata kuponi gazetini, akatuma hundi, kisha akasubiri wiki na wiki. Fedha zake zilifika kwa kampuni kabla mashine yake haijatengenezwa, kwa hiyo wanunuzi wenyewe waligharamia sehemu ya uzalishaji bila kuambiwa. Ukaguzi wa ubora pia, kwa sehemu, ulifanyika sebuleni kwao: mashine mbovu ilirudishwa kwa posta, ikatumwa nyingine. Matoleo ya mwanzo ya ZX81 yalikuwa na kosa la hesabu lililofanya kipeuo cha pili cha 0.25 kitolewe kuwa 1.359 badala ya 0.5. Kosa hilo liligunduliwa na wateja, si kiwandani.

Naona watu wanaipenda zaidi ndugu yake mdogo, ZX Spectrum ya Aprili 1982, na mapenzi hayo nayaelewa. Ilikuwa na rangi, ilikuwa na sauti, na vitufe vya mpira ambavyo angalau vilibonyea vilipoguswa. Kilobaiti 16 kwa pauni 125, kilobaiti 48 kwa pauni 175. Richard Altwasser alisanifu saketi, Rick Dickinson umbo, na Steve Vickers programu ya ndani. Lakini kwa usanifu mtupu mimi naiweka ZX81 mbele. Spectrum ilikuwa na nafasi ya kupumua.

Nafasi hiyo nayo ilikuwa na mpaka, na mpaka huo unaonekana kwa macho. Picha ya Spectrum ina nukta 256 kwa 192, jumla 49,152. Ili kila nukta iwe na rangi yake kati ya rangi 15, inahitajika nusu baiti kwa nukta, maana yake baiti 24,576. Hiyo ni zaidi ya kumbukumbu yote ya toleo dogo. Altwasser alitenganisha umbo na rangi. Umbo lilihifadhiwa nukta kwa nukta katika baiti 6,144. Rangi zilihifadhiwa kwa viraba vya nukta 8 kwa 8, kila kiraba kikiwa na rangi mbili tu, moja ya mbele na moja ya nyuma, na viraba vyote 768 vikachukua baiti 768. Jumla 6,912. Picha kamili ya rangi kwa karibu robo ya gharama!

Gharama iliyobaki ilimwangukia mchoraji wa michezo. Mhusika mwekundu akipita mbele ya mti wa kijani, wote wawili wamo kwenye kiraba kimoja, na kiraba kina rangi mbili tu. Mti unageuka mwekundu, au mhusika anakuwa wa kijani, na mabadiliko yanamfuata kila anapokwenda. Watengenezaji wengine walikubali aibu hiyo, wengine wakachora mchezo mzima kwa rangi moja juu ya nyeusi, na wengine wakapanga kuta na ngazi zao zikae sawasawa ndani ya viraba ili mgongano usionekane. Ukitazama michezo ya Spectrum leo ukashangaa kwa nini mingi ina sura inayofanana, sababu ni hizo baiti 768.

Sauti ilifuata mtindo wa ZX80. Hapakuwa na chipu ya muziki. Prosesa yenyewe ilisukuma na kuvuta spika ndogo. Ikipiga wimbo haichezeshi mchezo. Manic Miner ya mwaka 1983, iliyoandikwa na Matthew Smith akiwa na miaka 17, ilipiga muziki huku mchezo ukiendelea kwa kuiba vipande vidogo vya muda katikati ya kazi nyingine. Wimbo ulisikika kwa kukwaruzakwaruza, na watoto walishangaa kuusikia.

Na zile transista zilizokataliwa miaka ya 1960? Zilirudi kwa sura mpya. Toleo la kilobaiti 48 lilitumia chipu za kumbukumbu ambazo zilitengenezwa ziwe na ukubwa maradufu, lakini nusu yake moja ikakutwa na kasoro. Viwanda vilifurahi kuziuza kwa bei ya chini. Zilitengwa kulingana na nusu ipi ni nzima, na kipande cha waya kwenye bodi kikaiambia mashine itazame upande upi. Zilifanya kazi vizuri kabisa. Waswahili husema rahisi ghali. Kwa hizo chipu nusu-zima, methali iligonga mwamba.

Jambo moja la kuondoa vitu lilizaa tunda ambalo sidhani kama lilipangwa. Kwa kuwa hapakuwa na diski, BASIC ilikaa ndani ya chipu ya kumbukumbu ya kudumu, na mashine ilipowashwa ilikuwa tayari papo hapo, ikisubiri amri. Hapakuwa na kitu cha kubofya. Ama upakie kaseti, ambayo kwa mchezo mkubwa ilichukua dakika kama tano za milio na mistari ya rangi, ama uandike kitu. Kizazi kizima cha Waingereza kilijifunza kuandika programu kwa njia hiyo, kikinakili kurasa za majarida na kutafuta kosa la herufi moja hadi usiku. Eben Upton na wenzake wa Cambridge walipotoa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi mwaka 2012, walisema wazi kwamba walikuwa wanatafuta kurudisha hali hiyo, kwa sababu vijana waliokuwa wakiomba kusomea kompyuta chuoni hapo walikuwa wakija bila kuwahi kuandika programu. Nayo iliuzwa bila kasha, bila kibodi, ikitegemea televisheni ya nyumbani.

Upande wa biashara hadithi ni fupi na si nzuri. Spectrum iliuzwa mamilioni, Sinclair akapewa cheo cha Sir mwaka 1983. Kompyuta ya QL ikatangazwa Januari 1984 kabla haijawa tayari, na mwaka uliofuata kikaja C5, kibaiskeli cha umeme cha magurudumu matatu kilichochekwa nchi nzima. Aprili 1986 alama ya Sinclair na haki za kompyuta zake viliuzwa kwa Amstrad, kampuni pinzani ya Alan Sugar, kwa pauni milioni 5. Toleo la kwanza la Amstrad lilikuja na vitufe vya kweli na mashine ya kaseti ndani ya kasha lilelile. Sugar alikuwa anarudisha vitu kimoja kimoja. Utengenezaji ulikoma mwaka 1992.

Kwingineko haukukoma. Kaseti ilikuwa rahisi kunakiliwa, na kwa kuwa programu juu yake ni sauti tupu, kituo kimoja cha redio mjini Belgrade kiliwahi kurusha programu za kompyuta hewani wasikilizaji wazirekodi. Brazili ilikuwa na Spectrum yake isiyo na leseni, TK90X. Czechoslovakia ilikuwa na Didaktik. Katika Umoja wa Kisovieti mafundi waliitaka mashine hiyo lakini hawakuwa na chipu ya Ferranti, na hakuna ambaye angewauzia. Walichofanya ni kuichunguza inavyofanya kazi, kisha wakaikunjua: mantiki iliyokuwa imebanwa ndani ya chipu moja Cambridge wakaitandaza tena kwenye makumi ya chipu za kawaida zilizopatikana sokoni kwao. Bodi zilizotokana na kazi hiyo, Leningrad na baadaye Pentagon, zilichorwa upya kutoka mkono hadi mkono, na watu waliendelea kuzilehemu majumbani baada ya Amstrad kufunga laini yake.